Ziwa Lililokaushwa

Nyumba yetu imejengwa ndani ya ziwa.
Babu yake Sjoerd alikuwepo walipolikausha:
pampu zikanguruma miezi tisa, samaki wakabaki midomo wazi,
mwaka uliofuata watu wakapanda viazi.
Ramani bado inapaita ziwani.
Hakuna aliyejali kulifuta jina.

Mimi nilikaushwa Machi, upande wa kushoto.
Daktari alikuwa mpole, mikono safi,
saa ya ukutani nyuma yake ikienda mbele dakika nne.
Akanichorea uvimbe kwa kalamu ya bluu, ukubwa wa njegere,
akanichorea mstari atakapopita kisu,
akanipa kijitabu, na namba ya duka
linalouza ziwa la silikoni, gramu mia nne na ishirini,
la kuvaa asubuhi na kuvua usiku.
Nikasema ahsante.
Nilifunzwa kushukuru kabla ya kuuliza.

Wifi yangu Doutzen aliugua Aprili.
Ugonjwa uleule, upande uleule, njegere ileile,
ila yeye anakaa ng'ambo ya mfereji,
na wa ng'ambo ya mfereji hupelekwa hospitali nyingine.
Kilomita kumi na moja kwa baiskeli.
Upepo ukiwa mgongoni, hata jasho hutoki.

Huko, ananiambia, Jumanne huketi watatu pamoja:
wa kukata, wa mionzi, na mwanamke mmoja mfupi,
daktari Roelfsema, ambaye kazi yake ni kuumba.
Akamfinya tumbo kama mtu anayepima donge la unga,
akasema, hapa ipo ya kutosha, tutaihamishia juu.
Akampa wiki nzima ya kufikiri.
Doutzen akalala na mawili, akaamka na mawili,
moja geni, lina ganzi,
lakini lipo.

Mimi sikuambiwa hapana.
Hapana ningegombana nayo.
Sikuambiwa kitu.
Mlango usioonyeshwa haufungwi; ni ukuta tu.

Nilirudi Oktoba, swali nimeliandika
nyuma ya risiti ya jibini:
Kwa nini hukunitajia?
Daktari yuleyule, mpole vilevile,
akatazama kompyuta, akatazama saa.
"Mtu wa kazi hiyo huja kwetu Alhamisi mbili kwa mwezi.
Na kwa umri wako, bibi, nilidhani..."
Sentensi akaisahau hapo, kama mwavuli ndani ya treni.

Nina miaka hamsini na tisa.
Doutzen ana sitini na miwili.

Simaanishi kila mmoja analitaka.
Jirani yetu Ymkje aliandaliwa yote mezani,
akasema la, kisu kimoja kinamtosha.
Huogelea hivyohivyo, bapa upande mmoja,
na mtoto akimkodolea macho humrushia maji.
Kifua chake na changu ni sawa, ukivipima kwa rula.
Chake ni jibu.

Jumapili Doutzen huja kula supu ya njegere.
Hukaa na koti mpaka amalize bakuli.
Najua kwa nini, najifanya sijui, namwongezea soseji.
Wiki iliyopita aliweka kijiko chini, akasema,
"Wifi, nilidhani nawe uliulizwa ukakataa.
Sikutaka kukuudhi."
Miezi sita tumeoneana haya
kwa jambo ambalo si letu, la ramani.
Nikamwambia avue koti, nyumba ina joto.

Pampu bado inafanya kazi huko nje, usiku na mchana,
maana maji hayajasahau.
Izime mwezi mmoja, asema Sjoerd, ziwa litarudi lenyewe.
Langu halirudi hivyo.
Langu linataka barua, saini, bima,
na foleni ya miezi kumi na minne.
Barua nimeipeleka mwenyewe, jana,
kilomita kumi na moja,
upepo usoni.